Ubadilishaji wa rimu za gari

Ubadilishaji wa rimu za gari ni kazi ya kuondoa rimu ambazo gari lilikuja nazo kutoka kiwandani na kufunga nyingine, ama zilizotengenezwa na kampuni tofauti, ama zilizotoka kwenye gari la aina nyingine. Rimu (pia: ringi) ni sehemu ya gurudumu inayovalishwa tairi na kufungwa kwenye habu kwa nati. Huwa ya chuma au ya aloi ya alumini. Zile za aloi huitwa mitaani "rimu za spoti".

Katika nchi zenye theluji, kwa mfano Ujerumani, Uswidi na Japani, madereva wengi huwa na seti mbili za magurudumu: moja ya kiangazi, nyingine yenye matairi ya majira ya baridi. Nchini Tanzania rimu hubadilishwa kwa sababu nyingine: urembo, rimu iliyopinda kwa kuingia shimoni, au haja ya tairi pana zaidi. Vipimo vya kuzingatia ni vilevile.

Vipimo

Kwanza ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Toyota Vitz huwa na 4×100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100. Toyota Noah huwa na 5×114.3, na Land Cruiser Prado 6×139.7. Tofauti ndogo ndiyo inayodanganya zaidi: rimu ya 5×112, inayotumika kwenye magari mengi ya Volkswagen, inaweza kuonekana imeingia kwenye habu ya 5×114.3, lakini nati hukaa upande na stadi hupindishwa kila gurudumu linapozunguka, hadi zinakatika. Kutanua matundu kwa keekee si suluhisho, maana nati hupoteza mahali pake pa kukalia.

Pili ni tundu la katikati. Premio nyingi za Toyota na Subaru Forester za zamani zote ni 5×100, lakini habu ya Toyota hizo ni milimita 54.1 na ya Subaru ni 56.1. Kwa hiyo rimu ya Premio haiingii kwenye Subaru. Ya Subaru huingia kwenye Premio, ila inabaki na nafasi ya kuchezea, na stelingi inaweza kutetemeka gari likishika kasi. Dawa yake ni pete ya plastiki ngumu au alumini inayojaza nafasi hiyo.

Tatu ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Kipimo hiki huandikwa ET na namba ya milimita. Rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45 ikibadilishwa kwa ya inchi 7 yenye ET35, ukingo wa nje husogea karibu milimita 23 kuelekea madigadi, na wa ndani karibu milimita 3 kuelekea shokabu. Gari likiwa tupu huenda lisiguse popote. Likipakiwa abiria na mizigo ndipo tairi linapokwaruza.

Kipenyo cha gurudumu zima nacho kisibadilike sana, ili spidomita isidanganye. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, na la 205/55R16 milimita 632, hivyo yanaweza kubadilishana endapo upana wa rimu unaruhusu.

Nati

Jambo hili husahauliwa kuliko yote. Rimu nyingi za aloi za Toyota kutoka kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, za Honda nati za kichwa cha mviringo, na rimu nyingi za kampuni nyingine nati zenye ncha ya koni. Nati isiyolingana na kikalio chake hugusa sehemu ndogo tu, kisha hulegea hata kama ilikazwa kwa nguvu. Hufungwa kwa kuvuka, si kwa kufuata duara, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hali ya Rungwe

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika kata kama Masukulu utelezi unaosumbua ni wa tope, si wa theluji. Hata hivyo matairi ya theluji hufika Tanzania, yakiwa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani. Hutambulika kwa neno STUDLESS ubavuni, na mengine yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake.

Kashata zake zenye mikato mingi myembamba humfanya mnunuzi adhani yanafaa kwa tope. Sivyo. Mikato hiyo ni ya kung'ang'ania barafu na huzibwa na udongo. Tope linahitaji kashata kubwa zenye nafasi pana kati yake. Mpira wake pia ni laini, umetengenezwa kwa joto la chini ya nyuzi 7 hivi. Barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Kyela hushuka takriban mita 1,000 kuelekea bonde la joto la Ziwa Nyasa. Kwenye lami yenye joto mpira huo huisha haraka, na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.