Azimio
Neno "azimio", kutokana na kitenzi "kuazimu", yaani kukusudia kwa dhati, ni tamko linalopitishwa kwa kura, na kwa asili ya Kiarabu lina undugu na "azima", kinga ya mganga. Undugu huo unachekesha kidogo pale bunge linapoazimia kuenzi ukombozi wa nchi ya mbali bila kumfunga yeyote kisheria. Hata hivyo, Mswahili wa Buyenzi, Bujumbura, asilidharau, kwa kuwa Azimio 1746 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la 27 Juni 1962, ndilo lililokomesha udhamini, yaani utawala wa Ubelgiji chini ya uangalizi wa Umoja huo, kuanzia 1 Julai, siku ya uhuru wa Burundi. Lilipopitishwa, mji huo ulikuwa bado unaitwa Usumbura.