Kosa Lililogeuka Sanaa

Kitu kikisha kutoka mkononi mwa fundi si chake tena peke yake. Fundi hukipa umbo, lakini mtumiaji hukipa desturi. Ukitaka ushahidi wa neno hili, msomaji, sikiliza habari ya mchezo mmoja wa kompyuta, Starsiege: Tribes.

Mchezo huu ulitungwa katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, na kampuni ya Dynamix iliyoasisiwa mwaka 1984. Ulitolewa mwaka 1998. Hadithi yake ni ya zama zijazo, ambapo makabila ya wanadamu yaliyotawanyika katika sayari za mbali hupigana vita. Mchezaji huiona vita kwa macho ya askari wake, silaha ikiwa mbele yake. Michezo mingi ya namna hiyo wakati ule ilipiganwa katika vyumba na njia nyembamba. Huu ulipiganwa juu ya vilima na mabonde yaliyo wazi, na kila askari alibeba mgongoni chombo cha kumrusha angani.

Wachezaji walikutana kwa njia ya intaneti, wakagawanyika pande mbili, kila upande na ngome yake na bendera yake. Mwenye vazi jepesi alikwenda kunyakua bendera ya adui. Mwenye vazi zito alibeba silaha kubwa. Mwingine alikaa nyuma kutengeneza mitambo ya umeme, maana ikivunjwa hiyo, mizinga ya ulinzi huzimika. Shujaa asiye na wenzake hakufika mbali.

Sasa litazame kosa lenyewe. Watunzi walikusudia askari akimbie kwa miguu na kuruka kwa chombo chake. Wachezaji wakavumbua kwamba mtu ashukaye mtelemko, akibonyeza kitufe cha kuruka kila agusapo ardhi, msuguano haupati nafasi ya kumpunguzia mwendo. Aliteleza kama maji yashukayo mlimani, kisha akapaa kutoka kilima hiki hata kile. Jambo hilo halikuwamo katika nia ya watunzi. Lilikuwa dosari ya hesabu zao.

Dosari hiyo ingaliweza kuzibwa na kusahauliwa. Lakini wachezaji walikuwa wamekwisha kuifanya ufundi, wenye kujifunza kwake na mabingwa wake. Tribes 2 ilipotoka mwaka 2001, kuteleza kuliwekwa ndani yake kwa makusudi. Mwanafunzi alikuwa amemfundisha mwalimu.

Mwaka huo huo wa 2001 kampuni ya Sierra, iliyomiliki Dynamix, iliifunga, na nyumba iliyouzaa mchezo ikawa haipo. Mwaka 2008 kompyuta zilizowakutanisha wachezaji wa Tribes 2 nazo zikazimwa. Ungedhani huo ndio mwisho. Sivyo: mwaka 2009 wapenzi wa mchezo walitoa programu yao wenyewe ya kuwakutanisha tena.

Si kila kosa huzaa sanaa, msomaji. Mengi ni hasara tupu. Lakini usomapo historia ya chombo chochote, usiishie kuuliza ni nani aliyekiunda. Uliza pia ni nani waliokipokea, walikifanyia nini, na ni nani waliokataa kukiacha kife.