Kiluwiluwi wa Tegu wa Nguruwe na Kinga ya Mwili

Kiluwiluwi wa tegu wa nguruwe (Taenia solium) huingia katika mwili wa binadamu kwa mayai yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, wala si kwa kula nyama, kama wengi wadhanivyo. Hivyo hata Mwislamu wa Alunguli, komini ya Kindu iliyo ng'ambo ya kulia ya mto Lualaba, asiyepata kuonja nguruwe tangu kuzaliwa kwake, aweza kudhurika kwa maji au mboga zilizonajisika.

Yai likianguliwa, kijidudu chenye kulabu sita hupenya utumbo na kuchukuliwa na damu hadi misulini, machoni au ubongoni. Katika muda huo wa awali yu dhaifu, kwani kingamwili, zikisaidiwa na protini za damu ziitwazo komplementi, zaweza kumwua. Na juu ya udhaifu huo ndipo ilipojengwa TSOL18, chanjo ya nguruwe. Lakini akishajitengenezea kifuko, baada ya miezi 2 au 3, hutoa paramiosini, ambayo huikamata C1q, mwanzo wa mnyororo wa komplementi, na taeniaestatini, ambayo huzipumbaza seli nyeupe, akaishi miaka mingi pasi na mwenyeji wake kuhisi lolote.

Ajabu ni kwamba balaa mara nyingi huanza kiluwiluwi anapokufa: hila hukoma, seli za kinga humvamia, ubongo huvimba, na mtu huanguka kifafa, kama ilivyothibitika Mbulu, Tanzania. Ndiyo maana tabibu, ampapo mgonjwa wa ubongo albendazoli au prazikwanteli za kumwua kiluwiluwi huyo, huambatanisha deksamethasoni ya kutuliza uvimbe.