Alama za darasani zinaweza kutabiri kidato cha nne? Tuulize mwaka 2012

Kama umekulia Kakola, Bugarama au kijiji kingine jirani na mgodi wa Bulyanhulu, unajua kwamba hakuna anayesaga mlima mzima ili ajue una dhahabu kiasi gani. Mchimbaji mdogo huchukua mawe machache kutoka kwenye duara, huyatwanga na kuyaosha kwenye karai. Mgodi mkubwa hutoboa mwamba na kupeleka vipande maabara. Wote wanapima kidogo ili wakisie kikubwa.

Shule nayo hufanya hivyohivyo. Maksi zako za kidato cha pili, za mihula na za mtihani wa utamilifu ni sampuli. Je, zinaweza kutuambia utapata nini kidato cha nne? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Anayefanya vizuri mwaka hadi mwaka mara nyingi huendelea hivyo. Lakini historia ya mitihani Tanzania inaonyesha kwamba kuna kitu kingine kinachoamua, na hicho hakiko kichwani mwa mwanafunzi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zetu zinautukuza mno mtihani. Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi ya kila siku ya mwanafunzi nayo ihesabiwe. Kuanzia 1976 alama za maendeleo ya darasani zikaingia kwenye matokeo ya mwisho, na kwa miaka mingi zilibeba nusu: 50 darasani, 50 mtihani.

Wazo zuri, lakini lilikuja na tatizo la vipimo. Mtihani wa taifa ni mmoja kwa nchi nzima, ila alama za darasani kila shule inazitoa yenyewe. Mwalimu mmoja ni mkali, mwingine ana huruma, na wa tatu ana wanafunzi 90 na hana muda wa kusahihisha. Sabini ya Kahama mjini na sabini ya kijijini Msalala zinafanana kwenye karatasi tu. Tatizo likakua baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza na shule za kata zikaota kila kona, nyingi zikiwa hazina maabara wala walimu wa kutosha wa hisabati na sayansi.

Halafu ukaja mtihani wa 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013 na nchi ikashtuka: zaidi ya watahiniwa 240,000, karibu asilimia 60, walipata divisheni sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya, kwa sababu NECTA ilikuwa imebadili namna ya kupanga madaraja. Matokeo mapya yalipotoka, waliopata sifuri walikuwa takriban 210,000. Majibu yalikuwa yaleyale, wanafunzi walewale. Watu wapatao 30,000 walitoka kwenye sifuri bila kurudi kwenye chumba cha mtihani.

Kabla mwaka huo haujaisha, kanuni zikabadilika tena. Darasani sasa kulibeba 40: kidato cha pili 15, mihula miwili ya kidato cha tatu 10, mtihani wa utamilifu 10, kazi mradi 5. Mtihani wa taifa ukabeba 60.

Chukua kalamu. Tuseme una 48 za darasani na 20 za mtihani. Kwa nusu kwa nusu unapata 34. Kwa madaraja yaliyotumika kwanza kwenye mtihani wa 2012, F iliishia 34, kwa hiyo umefeli. Kwa kanuni mpya unapata 19.2 na 12, jumla 31.2. Alama zimeshuka! Lakini D sasa inaanzia 30, kwa hiyo una D. Hesabu yoyote ya kutabiri ingekosea hapa, hata kama ingekujua wewe vizuri kabisa, kwa sababu kilichosogea ni rula.

Uingereza nao walionja. Mwaka 2020 korona ilipofuta mitihani, walimu walikadiria alama, kisha mfumo wa hesabu ukazirekebisha kwa kuangalia pia shule ilifanyaje miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya makadirio yalishushwa. Matokeo yalitoka Agosti 13; Agosti 17 serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Fikiria mfumo huo kwenye shule ya kata iliyoanza juzi: binti hodari angehukumiwa kwa ziro za kaka zake. Tanzania, kwa upande wake, ilirudisha kidato cha sita shuleni Juni 1 mwaka huohuo na mtihani ukafanyika.

Utabiri wa namna hii unafaa zaidi kwa kundi. Ukiniambia shule ina wanafunzi 100 wenye alama hafifu za hisabati kidato cha pili, nitakwambia ipelekewe mwalimu kabla ya kidato cha nne, na sidhani kama nitakosea sana. Ila kwa mtu mmoja, kosa la makadirio linaweza kuwa kubwa kuliko umbali kati ya F na D.

Ukanda wa dhahabu una sababu ya kulijali hili. Kijana anayeambiwa kidato cha pili kwamba "huyu hana kitu" hahitaji kutafuta mbali pa kwenda. Karasha na duara viko hapo nje. Akishaondoka, utabiri unaonekana ulikuwa sahihi, wakati kilichoutimiza ni yeye kuuamini. Kwa hiyo mwalimu, mzazi, na wewe mwenyewe mwenye karatasi ya maksi mkononi: isomeni kama orodha ya mada za kurudia. Bado kuna miaka miwili.