Kabirateri ya okaziyo kwenye pikapu ya zamani: namna ya kutafuta ugonjwa mbele ya kununua ingine

Malori makubwa yanayobeba mizigo huku mashariki mengi yanatumia mazutu, na hayana kabirateri. Lakini pikapu za zamani za esansi, kama Toyota Hilux ya moteri 22R ao Land Cruiser ya 2F na 3F, zingali zinapandisha ndizi, makala na watu. Kabirateri yazo ikichoka, wenye gari wengi wanaweka ya okaziyo. Gari ikikataa tena, wanaitupa na kununua ya tatu, kumbe ugonjwa ulikuwa fasi ingine.

Kazi ya kabirateri ni kuchanganya esansi na hewa. Kilo 1 ya esansi inaomba karibu kilo 15 za hewa. Esansi ikizidi, moshi unakuwa mweusi na bujii zinajaa masizi. Ikipunguka, gari inakosa nguvu mlimani na moteri inapiga "pa! pa!" ndani ya kabirateri.

Kwanza, angalia inje ya kabirateri

Toa esansi kidogo, weka ndani ya chupa nyeupe, acha itulie. Kama kuna maji, yatashuka chini. Esansi ya kadhafi, ile ya kuuzwa na mabido barabarani, inaweza kuwa na maji ao uchafu. Kisha angalia filtri ya esansi, filtri ya hewa, pompi, na bujii kama zinatoa moto muzuri. Kama hivi vyote havijapimwa, kabirateri isifunguliwe.

Alama na sababu zake

*Esansi inamwagika ao moshi ni mweusi.* Floteri imetoboka, ao pwanto haifungi vizuri. Toa floteri, itikise karibu na sikio: ukisikia esansi ndani, imekufa. Kabirateri nyingi za Toyota ziko na kioo kidogo pembeni. Esansi inapashwa kufika katikati ya kile kioo. Angalia pia startere, kama imebaki imefungwa hata moteri ikiwa na moto.

*Gari inazimika ukiachilia mguu.* Jiglere ya ralanti imeziba, ao valvu ya umeme inayofungua esansi ya ralanti haipati umeme. Kwenye 22R, washa kontakti bila kuwasha moteri: inapashwa kusikika "tak". Kwenye kabirateri ya okaziyo, mara ingine waya wake haukuungwa.

*Gari inasita ukikanyaga.* Zima moteri, angalia ndani ya mdomo wa kabirateri huku mutu mwingine akikanyaga. Esansi inapashwa kuruka. Kama hairuki, pompi ndogo ya ndani imekauka ao imepasuka.

*Ralanti inapanda na kushuka.* Mara nyingi hewa inaingia chini ya kabirateri. Pakaa maji ya sabuni kwenye joenti moteri ikitembea. Sauti ikibadilika, hewa inapita pale. Shika pia shafti ya papiyo: ikicheza-cheza sana, hiyo kabirateri haifai kununuliwa.

Kusafisha na kurekebisha

Jiglere inasafishwa na hewa ya kompreseri, si na waya ao msumari. Tundu likipanuliwa hata kidogo, gari itakula esansi siku zote. Badilisha joenti zote.

Kwa ralanti, pasha moteri moto kwanza, kisha uizime. Funga visi ya mchanganyiko polepole mpaka iguse, bila kukaza, na uirudishe karibu mizunguko 2. Washa, halafu utafute fasi ambapo moteri inatulia.

Usisahau mlima. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, Uvira karibu 800. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabirateri iliyorekebishwa Uvira inaweza kutoa moshi mweusi Bukavu bila kuwa mbovu. Ni kurekebisha tu.

Moto unaua

Kumwaga esansi kwa mdomo wa kabirateri ili gari iwake, ao kufunga bido juu ya moteri pompi ikikufa, ni hatari kubwa. Moteri ikirudisha moto nyuma mara moja, bido na mikono vinawaka, na abiria wako nyuma juu ya mizigo. Mbele ya kufungua kabirateri, toa waya wa batri, zima sigara, weka mchanga karibu. Esansi ikiwaka, maji hayazimi. Mchanga ndio unaofunika moto.

Na sokoni, mnunuzi aende na kabirateri yake ya zamani mkononi: alinganishe matundu ya visi, tiyo, na namba iliyoandikwa juu yake. Zisipofanana, bei rahisi haitamsaidia.