KIPIMO CHA KAZI YA MTAFITI

Wakazi wa Nengo, mjini Gisenyi, ni majirani wa Nyiragongo, mlima wa moto ulioko ng'ambo ya mpaka, katika ardhi ya Kongo. Kwao swali la thamani ya utafiti si mchezo wa wasomi.

Vyuo vikuu vimelijibu swali hilo kwa hesabu. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa ionyeshayo makala ya sayansi imetajwa na makala zipi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni namba moja ya kumpima mtafiti kwa kadiri maandishi yake yanavyotajwa. Tangu hapo wapo waliopandishwa vyeo au kunyimwa fedha kwa namba hizo.

Lakini namba hizo zingesema nini juu ya Dieudonné Wafula, mtaalamu wa volkeno wa Goma? Mapema Januari 2002 aliziona dalili za mlima, akatoa tahadhari. Hakusikilizwa ipasavyo. Tarehe 17 mlima ukapasuka, uji wa moto ukapita katikati ya Goma, watu wengi wakapoteza maisha, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakiingia Gisenyi. Mtafiti alikuwa amesema kweli. Kilichokosekana ni mkono wa kuitekeleza kauli yake.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, safari hii bila tahadhari. Siku tano baadaye, vipimo vilipoonyesha kwamba uji wa moto umejipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu ya Goma ihamwe. Mamia ya maelfu wakaondoka. Mlipuko wa pili haukutokea.

Je, kazi hiyo ilikuwa bure? La, hasha. Mlinzi wa lindo hapimwi kwa idadi ya maadui waliokuja, bali kwa kukesha kwake na ukweli wa taarifa yake. Ndivyo ilivyo kwa mtafiti.

Hata hivyo, taarifa ya mtafiti haimhamishi mtu. Huitoa kwa kiongozi, kiongozi hutoa amri, na askari aliyesimama njia panda ndiye awaongozaye wazee, akina mama na watoto hadi mahali pa usalama. Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Tahadhari ya mwaka 2002 ilikuwako. Haikufika njia panda.