Gitare ya Likasi ilifika Nairobi zamani

Mu kila feti ya ndoa huku Lubumbashi iko ile mabishano moja. DJ anaweka Koffi, anaweka Fally, watu wanatoka jasho, na mtu wa meza ya nyuma anasema: « Muziki ni Lingala tu. Kiswahili ni ya kuuzisha makala ku soko. » Meza yote inacheka. Kijana mwingine anataka kutetea luga yetu, anaomba Diamond Platnumz. Wote wawili wamekosa. Wa kwanza anafikiri kama Kiswahili haikuzaa muziki, wa pili anafikiri ilizaa, lakini mbali, kule Dar es Salaam. Hakuna mwenye anataja Likasi, na toka hapa ni kilometa mia moja na kidogo tu.

Mu mwaka 1952 Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville. Hugh Tracey, Mwingereza mwenye kuishi Afrika Kusini, alikuwa anazunguka na mashini yake ya kurekodi, anakusanya muziki ya Waafrika. Ku barabara akakuta kijana anapiga gitare. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, alizaliwa Bunkeya mu 1930. Tracey akamurekodi. Kati ya nyimbo zile ilikuwemo « Masanga ». Kampuni Gallo ya Afrika Kusini ikaitoa ku sahani za Gallotone, na « Masanga » ikapata zawadi ya Osborn, ile yenye African Music Society ilikuwa inatoa kwa muziki bora ya mwaka. Yeye alikuwa na miaka 22.

Hapa nisimame kidogo, maana watu wanasema « Bosco, Bosco » bila kusikiliza vidole. Alipiga na vidole viwili tu: kidole gumba ku nyuzi za chini zenye sauti nzito, na kidole cha shahada ku zile nyembamba. Gumba linatembea kama mtu anayeenda ku kazi asubuhi, na kile kingine kinacheza njiani kama mtoto wa masomo mwenye ametoroka. Ukiwa haumuoni, utaapa kama ni gitare mbili. Mwalimu mmoja wa London, David Rycroft, alikaa akaandika upigaji huo nota kwa nota, na kazi yake ikatoka mu gazeti ya African Music mu 1961 na 1962. Fikirieni: mwaka wa 1961, Katanga iko mu vita ya kujitenga, na kule Uingereza mzungu anavunja kichwa juu ya kidole cha mtu wa Bunkeya.

Sahani hizo zilisafiri. Nairobi ilizipenda sana, na sababu moja ni rahisi: watu kule walisikia maneno. Mu 1959 Bosco mwenyewe akaenda, akakaa miezi kazaa, akawa na kipindi ku redio yenye ililipwa na Aspro, ile dawa ya kichwa. Edouard Masengo naye alienda, akaimba matangazo ya Coca-Cola. Sasa munielewe vizuri: Kiswahili yetu, ile yenye watu wa pwani wanaiitaka « ya kuvunjika », njo ilikuwa inauzisha aspirini na soda mu muji mkubwa wa Afrika ya Mashariki. Haikuvunjika sana, basi!

Na Masengo alikuwa amepiga na JECOKE, maana yake Jeunes Comiques de la Kenya, kundi la vijana wachekeshaji la commune yetu ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Kwa hiyo mwimbaji wa kundi la Kenya alienda Kenya. Hiyo mimi sikuitunga.

Wapiga gitare wa kule walishika mutindo ule wa vidole viwili, wakaufanya wao. Mupaka leo muzee wa Kenya akishika gitare kavu, isiyo ya umeme, mara nyingi unasikia Katanga ndani. John Low, mpiga gitare Mwingereza, alifuata njia hiyo nyuma: akaja mupaka Shaba kutafuta Bosco, Masengo na Losta Abelo, na mu 1982 akatoa kitabu, Shaba Diary. Kitabu juu yetu, chenye wengi wetu wenye ma diplome ya historia hatujakifungua.

Kwangu, kitu tamu zaidi iko mu jina. Mwenda ni jina la Msiri, yule mfalme wa Bayeke mwenye aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Bayeke walitoka Unyamwezi, ni kusema Tanzania ya leo. Walikuja juu ya shaba na pembe za tembo, na njia yao ya biashara ilikuwa moja ya milango yenye Kiswahili ilipitia kuingia Katanga. Union Minière, na kambi zake zenye kuchanganya watu wa kila kabila, ikaikomalisha baadaye. Miaka karibu mia moja kisha Bayeke kufika, Mwenda mwingine akageuka upande wa mashariki, na safari hii mzigo ilikuwa gitare.

Sasa, kwa nini Kinshasa ilishinda? Si juu ya damu tamu, bandugu. Ni makuta. Léopoldville ilikuwa na studio za wafanyabiashara: Ngoma toka 1948, kisha Opika na Loningisa. Ilikuwa na bar nyingi, na redio zenye zilisikika mbali. Toka hapo tukapata African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, orkestre nzima na gitare za umeme. Katanga ilichimba shaba ya dunia, lakini ili mtoto wake atoe sahani, sauti yake ilipaswa kupanda treni kuelekea kusini. Mtu mmoja na gitare kavu hashindane na orkestre ya watu kumi na mbili mu feti. Kisha Mobutu akakuja, jeshi na siasa vikasema Lingala, na muziki ikafuata mwenye nguvu. Hata Jean-Bosco, authenticité ilimuondolea jina la ubatizo: akawa Mwenda wa Bayeke. Alifariki mu 1990.

Franco ni mukubwa, simukatae, na mimi mwenyewe nikisikia sebene siwezi kukaa ku kiti. Nasema tu kama mu mwaka 1952, wakati OK Jazz haijazaliwa bado, muziki ya Kiswahili ya Kongo ilikuwa imekwisha kupata zawadi.

Sahani za Gallotone zilikuwa za mizunguko 78. Ni nzito, zinavunjika kama sahani ya kulia bukari. Kama chini ya kitanda cha babu yako iko moja, usiache watoto waicheze. Piga foto ya karatasi ya katikati, soma jina na namba, na uulize muzee aliinunua wapi, akingali anakumbuka.